Pointi mbili, swichi moja: koili, mota ya polepole, servo au DCC?

Kila mwenye meza ya reli ndogo, yaani treni za mfano, hukutana na suala hili siku anapotandaza njia mbili sambamba na kutaka treni ihame kutoka moja kwenda nyingine. Anaweka pointi mbili (zile sehemu za reli zinazoielekeza treni iende njia ipi), moja kila njia, na kuziunganisha. Hiyo ndiyo krosova. Ina hali mbili tu zinazokubalika: pointi zote zimenyooka, au zote zimepinda. Moja ikipinda na mwenzake akabaki amenyooka, treni inayovuka itakuta ndimi, zile reli fupi zinazosogea, za pointi ya pili zimelala upande usio wake. Gurudumu litapanda juu ya reli, au kutapigwa shoti na meza nzima izimike.

Kwenye reli kubwa jambo hili liliamuliwa zamani. Katika vibanda vya ishara vya Uingereza, ncha mbili za krosova ziliendeshwa kwa wenzo mmoja, na hata zilipokuja kuendeshwa kwa mota zilibaki na namba moja, A kwa ncha hii na B kwa ile. Mwendeshaji hakupewa nafasi ya kugeuza moja akasahau nyingine. Sisi pia tunataka hivyo, na zipo njia kadhaa za kufika huko.

Ninakoegemea nakusema mapema: kwa krosova ya nyumbani, mota mbili za polepole kwenye swichi moja ya miguu sita. Ila usinifuate kabla ya kusoma, maana wapo watu ambao ningewashauri vingine kabisa. Na unapolinganisha, usihangaike sana na kama pointi zitageuka kwa sekunde ileile. Zikipishana kidogo hakuna treni itakayojua. Jiulize hivi: moja ikigoma, nitajuaje kabla treni haijafika pale?

Koili

Hizi ndizo mashine za kugeuzia pointi za siku nyingi, na kwa bei ya kila pointi bado ni nafuu: PL-10 ya Peco, mashine za Atlas za Marekani, na za aina hiyo. Ndani mna koili mbili na kipande cha chuma kinachocheza kati yake. Koili moja ikipata umeme kwa kitambo kifupi, chuma kinarukia upande wake kwa kishindo. Nyingine ikipata, kinarudi. Waya ni tatu: wa kwenda, wa kurudi, na wa pamoja.

Kuunganisha mashine mbili hakuna ufundi mkubwa. Waya wa kwenda wa mashine ya kwanza unaunganishwa na wa kwenda wa ya pili, wa kurudi na wa kurudi, wa pamoja na wa pamoja. Ukibonyeza ukakuta moja imeenda kinyume, badilisha zile waya mbili za nje kwenye mashine hiyo moja tu, umemaliza.

Shida yake ni mkondo. Tuseme koili ina omu 5 na chanzo chako ni volti 12. Koili moja itavuta ampea 2.4, mbili zikiwa sambamba, karibu ampea 5. Sasa angalia waya. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.22, ule ambao wengi hununua kwa ajili ya reli ndogo, una takriban omu 0.08 kwa mita. Mita 3 kwenda na 3 kurudi ni karibu nusu omu, na nusu omu hiyo inakula volti 2 hivi kabla umeme haujafika kwenye koili. Mashine moja pekee ingevumilia. Mbili kwa pamoja, ile yenye msuguano kidogo zaidi inaishia katikati au haitikisiki kabisa, wakati mwenzake amesharuka. Yaani tatizo lenyewe tulilokuwa tunalikimbia. Ukitumia waya wa milimita za mraba 0.75, hasara inashuka hadi karibu volti 0.6. Kwa koili, hela yako ya kwanza iende kwenye waya mnene.

Hela ya pili iende kwenye boksi la kapasita, lile ambalo wenye reli ndogo wote huliita CDU. Kapasita inajichaji taratibu kupitia rezista, halafu unapobonyeza inamwaga kila kitu kwa mpigo. Kwa mashine mbili, maikrofaradi 4700 zinatosha vizuri. Pia inakuokoa na ajali ya kawaida ya koili: kitufe kikinasa, hakuna mkondo wa kuendelea wa kuiunguza, kwa sababu kilichobaki kinapita kwenye rezista kidogokidogo. Chunga volti za kapasita yenyewe. Transfoma ya volti 16 AC ikishapitishwa kwenye daiodi inafika kilele cha volti 22 hivi, na ikiwa haina mzigo inapanda zaidi. Kapasita iliyoandikwa volti 25 inakuwa ukingoni. Nunua ya 35. Na kama transfoma ni ya mtumba kutoka Marekani, soma nyuma yake kwanza. Ya volti 120 ukiichomeka kwenye soketi ya 230 au 240 haitachukua muda kuungua.

Je, utajua kama moja imegoma? Kwa koili tupu, hapana. Kitufe kinarudi mahali pake na hakisemi chochote. Kontakti za kulisha frogi (ile V ya reli katikati ya pointi) au kuwasha taa huuzwa kando, mfano PL-13 na PL-15 za Peco, na zikishaongezwa mara mbili kwa kila krosova ule unafuu wa bei unapungua sana. Kinachobaki kuwa faida ya kweli ni kwamba pointi za Peco zina springi yake ya kushikilia ndimi, kwa hiyo umeme ukikatika pointi inakaa ilipo.

Mota ya polepole

Hapa jina kubwa ni Tortoise ya kampuni ya Circuitron. Mota ndogo inazungusha gia, gia zinapindisha waya wa chuma unaopita kwenye tundu la ubao, na waya huo unasukuma ndimi kwa sekunde 3 hivi. Ndimi zikifika mwisho mota inakwama, na imetengenezwa ikwame. Haizimwi. Inabaki na umeme wake, ikiendelea kubana ndimi kwenye reli. Kwa volti 12 DC, mota iliyokwama inakula miliampea 16 tu. Mota 20 ni miliampea 320, na adapta ya volti 12 ya ampea 1 iliyolala kwenye droo inazilisha zote. Ile hesabu ya waya mwembamba hapa haina maana tena: kwa miliampea 32 na nusu omu, unapoteza volti 0.016.

Mota hugeuka kwa kubadilisha chanya na hasi, na kazi hiyo inafanywa na swichi ya miguu sita, ile inayokaa upande ulioiweka. Miguu imepangwa safu tatu za miwili. Chanya na hasi vinaingia safu ya juu. Kutoka hapo waya mbili zinashuka kwa kukingamana hadi safu ya chini, wa kushoto kulia na wa kulia kushoto. Safu ya katikati ndiyo inayokwenda kwenye mota. Mota mbili za krosova zinaunganishwa sambamba kwenye waya hizohizo mbili, kwenye ncha namba 1 na namba 8 za kila Tortoise. Usiziweke mfululizo: kila moja itabaki na nusu ya volti, na ile nzito zaidi itasuasua.

Ni rahisi kukosea upande wa kufungia. Pointi mbili za krosova ni za mkono mmoja, zote za kulia au zote za kushoto, ila zimegeuziana nyuso. Ukizifunga mota chini ya ubao kila moja kwa namna ileile ukilinganisha na pointi yake, zitakubaliana bila kubadilisha waya. Ukilazimika kuigeuza moja kwa sababu ya boriti ya meza, itakwenda kinyume. Badilisha 1 na 8 kwenye hiyo moja. Watu wengi wanaishia hapo, wanasahau kwamba kontakti za ndani za mota hiyo nazo zimegeuka, na frogi yake sasa inalishwa kutoka reli isiyo sahihi. Kwa pointi za Peco, toa pia ile springi iliyo kwenye ndimi kabla ya kufunga mota, kwa kuwa mota yenyewe inashikilia.

Tukiwa kwenye frogi, ile sehemu ya V ambapo reli za ndani zinakutana: kama ina umeme, frogi ya kila pointi ilishwe na kontakti za mota yake mwenyewe. Usiokoe waya kwa kulisha zote mbili kutoka mota moja. Mota ya pili ikichelewa, frogi yake itakuwa na umeme wa upande usiofaa huku ndimi ziko kwingine, na hiyo ni shoti iliyotengenezwa kwa mkono. Kati ya pointi hizo mbili weka viungio vya plastiki kwenye reli zote mbili. Hili halina mjadala, uchague mashine yoyote.

Kila Tortoise ina seti mbili za kontakti. Moja tumeitumia kwa frogi. Ya pili ndiyo inayonifanya niipende kuliko nyingine zote, na inasikitisha kuona meza nyingi nzuri zikiiacha bure. Chukua chanya ya volti 12, ipeleke kwenye mguu wa kati wa kontakti za mota A. Unganisha mguu wake wa "nyoofu" na wa "nyoofu" wa mota B, wa "pinda" na wa "pinda". Kutoka mguu wa kati wa B nenda kwenye LED yenye rezista ya omu 1000, halafu hasi. Fundi yeyote wa umeme wa majumbani ataitambua: ni swichi mbili za taa ya ngazini. LED inawaka pale tu mota mbili zinapokubaliana. Wakati wa kugeuza inaweza kuzimika kidogo, kisha inarudi. Isiporudi, usipeleke treni. Kontakti hizi hubadilika mota ikiwa katikati ya safari, kwa hiyo taa inathibitisha mota, haithibitishi kwamba ulimi umebana reli hadi mwisho. Kokoto la mapambo likiingia kati, bado utahitaji macho yako. Hata hivyo, waya uliokatika au mota iliyokufa utaijua ukiwa umekaa kwenye kiti.

Wengine huweka LED mbili, zimegeuziana, mfululizo na mota ili paneli ionyeshe upande. Inafanya kazi vizuri kwa mota moja, maana miliampea 16 zinaifaa LED. Kwa krosova usiziweke kwenye waya wa pamoja, ambako mota mbili zinapitisha karibu miliampea 30 na LED za kawaida ni za 20. Ziweke kwenye tawi la mota moja.

Ubaya wake ni ukubwa. Tortoise inataka takriban sentimita 9 chini ya ubao. Krosova moja haina shida, ncha za ndimi ziko mbali. Krosova ya mkasi, yenye pointi nne, inakusanya ncha mbilimbili kwenye njia zilizoachana kama milimita 50 tu, na hapo utapima na kupima tena. Bei nayo inauma ukizidisha mara pointi 30.

Servo

Mwenye pointi nyingi, hela kidogo na anayependa kuandika programu, huyu namwambia aende kwenye servo, mota zinazojizungusha hadi pembe unayoziamuru, zile ndogo kama SG90. Ni nafuu sana, zinaingia mahali pembamba, na mwendo wake unaupanga utakavyo, hadi ndimi zitembee taratibu kama za kweli. Arduino Uno moja, ule ubao mdogo wa kompyuta, inaweza kuongoza servo 12 kwa maktaba yake ya kawaida. Ubao wa PCA9685 unaongoza 16.

Kishawishi ni kuunganisha waya wa ishara wa servo mbili pamoja, kwa kuwa ishara ni moja: mapigo ya milisekunde 1 hadi 2, kila milisekunde 20. Zitatembea pamoja kweli, lakini kwa pembe ileile, na hakuna pointi mbili ulizofunga kwa mkono zinazotaka pembe ileile. Mpe kila servo pini yake na mwisho wake, halafu acha programu izigeuze zote kwa kitufe kimoja, ya pili ikianza baada ya kwanza kumaliza. Hilo linasaidia na umeme pia, kwa sababu servo iliyokaza inaweza kuvuta mamia ya miliampea. Usizilishe kutoka pini ya 5V ya Arduino. Zipe chanzo chake cha volti 5 na uunganishe hasi zote.

Kinachonizuia kuziweka juu kabisa ni kukatika kwa umeme. Mota ya polepole ikirudishiwa umeme inakwenda pale swichi inaposema, na swichi haijasogea. Servo nyingi hushtuka zinapowashwa, na Arduino haikumbuki chochote isipokuwa umeiandikia ihifadhi hali ya mwisho kwenye EEPROM, kumbukumbu yake isiyofutika umeme ukikatika. Unayeishi mahali umeme unakatika jioni mara kwa mara, hili ulifikirie kabla ya bei. Kontakti za frogi hazimo ndani. Utaongeza mikroswichi inayoguswa na mkono wa servo. Ukifunga mikroswichi mbili kwa kila servo unaweza kujenga taa ileile ya makubaliano, na ukizifunga zigongwe mwishoni mwa mwendo, taa yako itakuwa na ushahidi mzuri kuliko wa Tortoise.

DCC

DCC, mfumo wa kuendesha reli ndogo kwa amri za dijitali zinazopita kwenye reli zenyewe, si mashine ya nne. Ni namna ya kuamuru mojawapo ya hizo tatu kupitia dikoda, kifaa kinachopokea amri na kuitekeleza, na swali la "pamoja" linajibiwa kwa programu. Kwa krosova, njia fupi ni kuzipa pointi zote mbili anwani moja: amri moja ikipita kwenye reli, dikoda zote mbili zinaisikia. Anwani zipo zaidi ya 2000, hutaishiwa. Kwa mota za polepole unaweza hata kuunganisha mbili kwenye tundu moja la dikoda, ila soma karatasi yake uone tundu linaruhusu miliampea ngapi. Ukitaka kugeuza pointi sita kwa mpangilio, tumia ruti, yaani amri kadhaa zilizofungwa pamoja: NCE wanaziita makro, DS64 ya Digitrax ina zake ndani, na programu ya bure ya JMRI inazitengeneza kwenye kompyuta.

Hatari yake inajificha mpaka siku ya kwanza ya shoti. Kichwa cha treni kimeingia pointi iliyowekwa vibaya, frogi imepiga shoti, busta, kifaa kinachozilisha reli umeme, imejizima. Unataka kuigeuza pointi ili shoti iondoke, lakini dikoda ya pointi inakula umeme uleule wa reli uliozimika. Umefungwa nje, kilichobaki ni kuinua kichwa kwa mkono. Dawa ni laini ya umeme ya pointi peke yake, yenye kikata umeme chake, au busta yake. Asiyekuwa tayari kuiweka laini hiyo, naona afadhali aendeshe treni kwa DCC na pointi kwa swichi za kawaida. Hakuna sheria inayolazimisha vyote viwe vya dijitali, na paneli yenye swichi unayoiona ilipolala ni ya haraka kuliko kutafuta namba kwenye kishikio cha kuendeshea treni.

Fimbo

Kuna wanaotumia mota moja na fimbo ya waya ndani ya bomba la shaba inayofika kwenye pointi zote mbili. Hapo hakuna waya wa umeme wa kukosea. Kuirekebisha ndiyo kazi: ulimi wa kwanza ukibana, wa pili unabaki na mwanya, na ukiubana wa pili unaulegeza wa kwanza, mpaka utie kipinda cha springi katikati ya fimbo. Kwa pointi zilizo karibu sana inafaa. Kwa nyingine siipendekezi.

Zikizidi mbili

Yadi yenye njia tano zinazochipuka kutoka ngazi moja, yaani mstari mmoja wa pointi zinazofuatana, ni suala jingine, na hapo msimamo wangu unabadilika. Unataka kitufe kimoja kwa kila njia: bonyeza "njia ya 4" na pointi zote za kufika huko zijipange. Hapa koili zinarudi na heshima yake. Kutoka kila kitufe daiodi zinakwenda kwenye koili zile tu zinazohusika na njia hiyo, na kila daiodi inazuia umeme usirudi nyuma kuamsha koili za njia nyingine. Daiodi za ampea 3, kama 1N5401, zinafaa, na CDU ni lazima kwa sababu daiodi zinataka DC na koili tatu au nne zinataka mpigo mmoja wenye nguvu. Pointi nne kwa mpigo zinaweza kuhitaji kapasita mbili za 4700 zikiwa sambamba.

Mota za polepole haziingii kwenye daiodi hivihivi, maana zinataka umeme wa kudumu na zinageuka kwa kubadilisha chanya na hasi. Utaongeza relei zinazojishikilia, au swichi ya kuzungusha. Kwa yadi mpya ya njia tano au zaidi, kama tayari una Arduino na servo, programu inafanya kazi ya zile daiodi zote na unaibadilisha bila kugusa chuma cha kulehemu. Kama una sanduku la PL-10 za mtumba, jenga daiodi. Krosova za njia kuu mezani hapohapo ziache kwenye mota za polepole na taa yake. Mifumo miwili inakaa pamoja bila ugomvi, mradi kila mmoja una chanzo chake cha umeme na waya zake zina rangi yake.